Wembe wa Matanga

Kinole, 9 Februari 1911

Kwako Baba Chausiku,

Salaam. Mimi sijambo. Nasema hivyo makusudi: sijambo, napumua, jana nimekula ugali na mlenda nikashiba. Anayeandika ni jirani yangu Alois wa misheni, lakini maneno ni yangu, na nimemkataza kuyalainisha.

Uliniomba mtoto aje kula Idi kwako mjini. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, ulilijua hilo tangu siku ya posa, lakini nikakupa kwa moyo mweupe. Idi imepita, vuli imepita. Juzi nimeshuka sokoni Morogoro na ndizi zangu, nikamwona Chausiku na mkeo Asia. Kichwa kipara, kama tunavyomnyoa mtoto aliyefiwa! Nikamwita. Akapiga yowe, akajificha nyuma ya Asia: "Mzimu wa mama!"

Stambuli, umemnyoa mwanangu kwa matanga yangu, nami ni hai? Una roho gani wewe? Mrudishe.

Mama Chausiku

Morogoro, 2 Machi 1911

Kwako Mama Chausiku,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, mtoto mzima. Kelele zako zimenifikia.

Mtoto alikuwa akikulilia kila jioni, chakula hali. Nikaona afadhali alie mara moja amalize. Sasa anakula, na anamwita Asia mama. Mimi ni msimamizi wa reli, sikuzaa ili mwanangu akachimbe magimbi mlimani chini ya wajomba. Hayo ya ukoo waambie wajinga wenzako. Ukitaka shauri la kunishtaki, boma la Wadachi liko wazi.

Baba Chausiku

Kinole, 20 Mei 1911

Stambuli,

Hali yangu umeiona mwenyewe bomani, usiniulize. Bwana shauri alimwuliza mtoto mama yake ni yupi, akamwonyesha Asia. Akaulizwa mimi ni nani. Akasema, "Mama alikufa. Huyu amevaa sura yake." Watu wakacheka, na wewe ukacheka. Kicheko kile sikisamehe. Umeshinda kwa kinywa cha mtoto wa miaka saba, mwanamume mzima wewe!

Mama Chausiku, aliye hai

Morogoro, 11 Julai 1912

Kwako Mama Chausiku,

Salaam nyingi. Natumai hujambo, na kaka yako Maneno hajambo, na shamba linaendelea vizuri. Reli inanipeleka mbele ya Tabora. Asia amerudi kwao Mikese, amesema hawezi kulea mtoto asiye wake. Chausiku yuko kwa jirani yetu Mwaisha, njoo umchukue. Yaliyopita tuyasahau.

Baba Chausiku

Kinole, 30 Julai 1912

Stambuli,

Hujambo? Mimi bado hai.

Tusahau? Nani asahau? Nimemchukua. Tukitembea juani anachunguza kama nina kivuli. Chakula changu hali mpaka nionje mbele yake. Nikimwambia ulimdanganya anaziba masikio, maana baba yake hasemi uongo. Basi njoo. Upande mlima kwa miguu yako, mbele ya wajomba, umwambie kwa kinywa chako kwamba ulimnyoa bure. Sitaki barua, sitaki kanga.

Mama Chausiku

Kinole, 4 Machi 1913

Baba Chausiku,

Salaam, kama bado unasikia salaam. Barua hii sijui niipeleke wapi. Watu wa reli waliorudi wanasema ndui imekuua. Mmoja anabisha, anasema alikuona Tabora ukipakua mizigo.

Jana kaka Maneno alikuja na wembe amnyoe mtoto kwa matanga yako. Chausiku hakulia. Alikwenda kuketi mwenyewe, akainamisha kichwa, akaniuliza, "Baba amekufa kama ulivyokufa wewe?"

Niliutupa ule wembe korongoni. Kaka amenuna, na anune. Kichwa hiki hakinyolewi tena kwa habari ya kusikia, mpaka mimi nione kaburi. Nimemwambia mtoto baba yake yuko safarini. Nimesema hivyo na hasira yangu ikiwa palepale. Ungekuwa wewe, ungeshamzika mtu.

Kama u hai, njoo umwambie. Nywele zimeota, namsuka kila Ijumaa. Sasa ananiita mama, lakini hunishika mkono kwanza, aone kama una joto.

Mama Chausiku