Hatukukubali, Tulisalimu

Kibondo,
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na Mama naye umfikishie shikamoo yake kabla hajauliza mbona hakutajwa. Goti linaendeleaje? Bado unapanda ile baiskeli tuliyokukataza? Sisi huku tu wazima. Filemoni mume wangu anapalilia mihogo, watoto wanakula kama nzige, na mama mkwe bado ana sauti ya kumwita mtu kutoka mlima wa pili. Ningeweza kupiga simu mpaka huko Tabora, lakini vocha ingekwisha kabla sijafika mahali patamu. Habari hii nataka uisome taratibu, umsomee Mama, kisha uirudie.

Baba, tumeshinda. Bonde letu limebaki kwetu.

Ni lile bonde la chini ya nyumba yetu, ulilolisifu ulipokuja harusini. Wanawake wa kijiji ndio tunaolima humo wakati wa kiangazi, maharage na mboga, na ndiyo yanayotulisha mvua zikikawia. Maharage yangu yanafika mpaka gulio la Kasulu. Bila bonde lile, mimi ni mke wa kukaa na kungoja kupewa.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mwaka jana, mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule alimleta kwenye mkutano mkuu mwekezaji wa kupanda miti. Na unajua Waha wa huku kwa salamu. Nilipoolewa walinicheka mwaka mzima, wakisema nasalimia kama mtu anayekimbilia basi. Mkubwa akikusalimu, unainama kidogo, unapiga makofi polepole, pa, pa, pa, mpaka salamu ziishe. Basi mwenyekiti akasimama, "Mwakeye!" Tukapiga makofi. Akamtambulisha mgeni, tukapiga makofi. Akasema mgeni ana nia njema na bonde letu, na hapo hapo, bila kumeza mate, akaanza kuwasalimu wazee mmoja mmoja. Sisi tena makofi. Mkutano ukafungwa.

Mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye anayeandika muhtasari na kutunza mhuri, ni binti wa Tanga. Alikuwa ndiyo kwanza amehamishiwa kwetu. Aliandika alichokiona: hoja imepitishwa kwa makofi.

Wiki chache baadaye nikashuka bondeni, nikakuta vigingi vyekundu katikati ya maharage yangu, mengine yameng'olewa. Nilikaa chini nikalia Baba, sikufichi. Kisha nikainuka, nikaenda ofisini na tope langu miguuni.

"Mtendaji, nani katoa bonde?"

"Nyinyi wenyewe, dada. Mlikubali."

"Lini?"

"Si mlipiga makofi?"

"Hatukukubali! Tulisalimu!"

Alinikodolea macho. Nikamwinamia, nikampigia makofi pale pale mezani pake, nikamuuliza, "Haya, hapo nimekubali nini?" Akashika kichwa. "Jamani! Kwetu ukipiga makofi umeridhika." Nilicheka na hasira zangu. Lakini mwenyekiti ni mzaliwa wa huku, alijua vizuri tofauti yake. Hilo ndilo lililoniuma.

Huyu binti ana moyo. Angeweza kunyamaza, kwa kuwa mhuri ulishagongwa. Badala yake alifungua kitabu cha sheria, akanionyesha kwa kidole kwamba ardhi ya kijiji haitolewi mpaka mkutano mkuu uridhie, akakiri kwamba kuridhia kule hakukuwepo. Tukazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya saini za kudai mkutano mwingine. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba.

Saini zilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuwashawishi kina mama wasipige makofi. Mama mkwe alinijia juu: "Yewe Spesioza, nisimsalimu mtu mzima? Nimekuwa mnyama?" Tulibishana mpaka ugali ukapoa. Mwishowe akasema basi, ataikalia mikono yake. Na kweli aliikalia.

Siku ilipofika uwanja ulijaa. Mwenyekiti akasimama, "Mwakeye!" Tukaitikia kwa mdomo tu. Akarudia. Mikono imetulia. Akaanza kutoka jasho, nami nikanyoosha mkono niseme.

"Huyo ni Mrundi," akasema. "Mambo ya ardhi yetu hayamhusu."

Baba, unajua maneno hayo tulivyoyasikia tangu utotoni, na jinsi ulivyotufundisha kuinamisha kichwa tukiyasikia. Sikulaumu, ulitaka tuwe salama. Lakini siku ile sikuinamisha. Nikamwambia, "Mimi ni raia. Nilipiga kura kituo kimoja na wewe, na maharage yaliyong'olewa ni yangu." Kabla hajajibu mama mkwe akaruka: "Huyo ni mkwe wangu! Ukimwita hivyo tena utanijibu mimi!"

Mtendaji akaomba wanaotaka bonde litolewe wasimame kulia, wasiotaka kushoto. Kulia alibaki mwenyekiti, shemeji yake, na mbuzi aliyekuwa amefungwa pale. Upande wetu watu walipiga kelele "Oya! Oya!" mpaka kuku wakakimbia. Vigingi tuliving'oa kesho yake tukiimba, na kimoja nimekifanya kuni za kupikia maharage.

Uchaguzi wa vijiji ulipofika tukamwondoa kwa kura. Mimi nikagombea ujumbe wa halmashauri ya kijiji, nikapita. Mwanao niliyezaliwa kwenye makazi ya wakimbizi! Lia tu Baba, hata mimi nililia.

Mwekezaji hatukumfukuza. Alirudi, safari hii akaeleza mbele ya watu wote, tukampa kilima kikavu ambacho hakuna anayelima. Mkataba ulisomwa kwa Kiswahili kisha Kiha, naye akaulizwa maswali mpaka sauti ikamkauka. Mihogo nayo zamani ilinunuliwa na rafiki wa mwenyekiti peke yake, kwa lumbesa, gunia limefungwa kilemba juu. Sasa anayetaka kununua anakuja, awe wa Kasulu au wa Kibondo mjini, na mizani iko sokoni kila mtu anaiona. Ukienda kugongewa mhuri, unagongewa siku ile ile, hubebi kuku wa kumpa mwenyekiti. Ofisi haijabadilika, mtendaji ni yule yule, hata kiti kilichovunjika mguu bado kipo. Ila kila anayekaa humo anajua ataulizwa.

Na usidhani ni wengine tu wanaoulizwa. Nilipoomba kura niliahidi daraja la magogo la kuvukia mfereji wa bondeni. Kwenye mkutano wa juzi mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa mama mkwe. "Mjumbe," akasema, hakuniita Spesioza, "mvua zinakaribia. Daraja liko wapi?" Asubuhi ile nilikuwa nimemkorogea uji kwa mikono yangu! Nikasimama, nikajieleza, hawakuridhika. Wamenipa mpaka Jumamosi. Baba, sijawahi kufurahi namna ile maishani mwangu.

Nisalimie mdogo wangu Yohana, mfuga nyuki wetu, na shangazi Leokadia aliyenifundisha kushona, na mwalimu wa kwaya mwambie huku nami naimba sauti ya pili. Mama mkwe anawasalimu nyote, yuko hapa mlangoni ananiuliza kama ninaandika barua au ninakwepa kazi. Acha nikachukue shoka, magogo bado yamesimama msituni.

Mwanao akupendaye,
Spesioza, mjumbe