Anza na "Ila"

Guangzhou, China
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo, na kama yuko jikoni mwiteni aje asikie tangu mwanzo, maana barua hii ni ya kusikilizwa na wote wawili. Hilda mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma kwa sababu miwani ya Baba bado ina mguu mmoja. Soma polepole na usiruke mstari hata ukiona aibu.

Baba, uliponifundisha kumwandikia Shangazi barua nikiwa darasa la nne, ulisema mtu huanza kwa kueleza kwamba yeye ni mzima, kisha ndipo anauliza ya wenzake. Leo uniwie radhi, naanza na mabaya. Wiki iliyopita nimeng'olewa gego, na shavu la kushoto bado limevimba. Jirani yangu wa mlango wa pili amenishtaki kwa mwenye nyumba kwa sababu ya usipa ule, dagaa wa Ziwa Nyasa, alionipa Mama. Nilipoukaanga, jengo zima lilijua. Na nimewakumbuka mpaka juzi nilimfuata mzee mmoja sokoni kwa sababu anatembea kama wewe, mikono nyuma. Basi, mabaya yangu yamekwisha. Mengine ni mema: kazi ninayo, nakula, na padri wa hapa anahubiri kwa kifupi.

Sababu ya kuanza kinyume ni kitu kilichotokea kazini, nacho kinakuhusu.

Huwa mnaniuliza nauza nini huku. Siuzi, Baba. Ofisi yetu inanunua magari ya umeme kwa watengenezaji na kuyapakia melini kwenda kwa wanunuzi wa Afrika. Nje ya dirisha langu yamepangwa kwa safu, mengi meupe, yanasubiri kwenda bandarini. Kazi yangu ni kuzungumza na wateja wa Kiswahili. Mzee mmoja wa Tanga aliniuliza gari hilo linakunywa nini, nikamwambia halinywi, linachomekwa ukutani kama simu. Akasema basi litafaa mtu aliyeacha pombe.

Gari likishafika kwa mteja, ninatakiwa kumuuliza amelipokea katika hali gani, nijaze fomu. Kama lina kasoro, mteja ana siku tano za kulalamika. Zikipita, fomu inafungwa na shauri limekwisha.

Sasa miezi michache iliyopita nilipata mteja wa Kitai. Kitai ile ile tunayoijua, ya mabasi ya Songea. Anaitwa Baba Neema, anauza vipuri na ana mashine ya kusaga pale karibu na barabara. Alitaka gari dogo la kubebea abiria kati ya Kitai na Mbinga. Nilipoona jina la Kitai kwenye karatasi nilishindwa kukaa kwenye kiti. Nikampigia, na unajua wazee wetu, hatukuzungumza gari hata kidogo mpaka tumalize nasaba. "Wewe mtoto wa nani?" Nikamwambia wa Mpepai. "Mpepai kubwa hiyo, kwa nani?" Nilipokutaja akacheka, akasema anakufahamu tangu mkipanga foleni pamoja kupeleka kahawa kwenye chama cha msingi, na kwamba ulikuwa na baiskeli yenye breki moja.

Gari lilifika Dar es Salaam, likapandishwa juu ya lori mpaka Kitai. Siku lilipofika nikamwandikia kwenye simu. Sikiliza vizuri nilivyoandika, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea. Niliandika: "Shikamoo Baba Neema, habari za gari?"

Akajibu: "Marahaba mwanangu. Nzuri tu, tunamshukuru Mungu limefika salama. Habari za huko?"

Mimi nikasoma "nzuri", nikajaza fomu kwamba gari limepokelewa katika hali nzuri, nikaipeleka kwa bosi, nikaendelea na wateja wengine. Ile "habari za huko" sikuijibu. Nilikuwa na magari mengi ya kufuatilia na niliona ni salamu tu.

Siku ya saba akaniandikia tena. "Mwanangu, kulikoni mbona kimya? Nilikuwa nasubiri unijibu salamu ndipo nikueleze. Gari halichajiki."

Ghala letu lilikuwa limemwekea waya wa magari yanayokwenda nchi nyingine, kichwa chake hakiingii kwenye tundu. Gari limekaa kando ya mashine ya kusaga, kuku wanapumzika chini yake. Chaji iliyobaki ilitosha kuliwasha tu, na lilipowaka likasema Kichina kwa sauti ya mwanamke. Fundi wa Baba Neema akaliamkia. Alinipigia niwatafsirie mama yule anasema nini, nikawaambia anaomba mfunge mkanda.

Na watu walishaanza kumcheka. Aliyeuza gari lake la zamani ili anunue hili ni yeye, na kila basi linalosimama Kitai abiria wanachungulia dirishani kuliona gari bubu la Baba Neema. Yeye hakunigombeza hata kidogo. Alisema tu, "Mimi nisingeweza kukuvamia na matatizo kabla hujanijibu hujambo."

Nikaenda kwa bosi. Ni mama wa makamo, mkali, anakunywa maji ya moto kutwa nzima, lakini si mtu mbaya. Aliniambia siku tano zimepita na fomu inasema nzuri. Nikamwambia nzuri ile haikuwa ya gari. Akauliza ilikuwa ya nini. Hapo, Baba, nikakusanya Kichina changu chote.

Nilimweleza hivi. Kwetu ukimuuliza mtu habari, atasema nzuri. Hata nyumba ikiwa imeungua, atasema nzuri, kisha atasema "ila". Habari za nyumbani? Nzuri tu, ila tumefiwa. Nzuri ni mlango, mtu hawezi kuingia ndani bila kuupitia. Nikamsimulia sengu, jinsi ukoo mzima tulivyokuwa tukila pamoja kwa Babu, na Babu hakuruhusu mtu alete shida mbele ya chakula. Unakula, unanawa, unauliza hali za watu wote, na shida yako inakuja mwisho, ikiwa imepoa. Ulinilea hivyo, na ni malezi mema. Kosa ni langu mimi niliyeondoka kabla mwenzangu hajafika kwenye ila.

Bosi akanisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kalamu akaandika ubaoni kwa herufi zetu, ILA, akaniambia kuanzia sasa hakuna fomu ya Waswahili itakayofungwa kabla neno hilo halijasemwa. Fomu ya Baba Neema akaifungua upya na kuamuru waya sahihi utumwe. Nikashukuru, nikageuka kutoka.

Nikiwa mlangoni akaniuliza, "Na wazazi wako, ukiwapigia, wanasemaje?"

Nikasema, wanasema nzuri.

"Halafu?"

Akaniambia mama yake analima chai milimani, na kila akimpigia husema hakuna kitu, hakuna kitu. Akarudi kwenye maji yake ya moto.

Nilikaa mezani pangu nikakumbuka simu ya mwisho niliyopiga nyumbani. Mama, unaikumbuka? Ulisema hamjambo, kahawa imechanua, baba yako naye hajambo, ila tu... Na mimi nikasema, "Haya Mama, nashukuru, niko kazini, nitapiga." Nikakata. Nimeirudia simu ile kichwani mara nyingi kuliko nilivyosali. Ulikuwa umefika mlangoni, Mama, nikakufungia. Nisamehe.

Basi nikampigia Hilda. Naye akaanza, "Baba hajambo tu, Dada." Nikamwambia, Hilda, leo anza na ila. Akanieleza yote. Usimkasirikie, Baba, mimi ndiye niliyemlazimisha.

Ameniambia tangu Kwaresima hujapanda mlima kwenda shambani, na ngolo za mwaka huu, mashimo ya kulimia, wamekuchimbia Baba Mdogo na wanawe. Wewe, uliyekuwa ukipita juu ya mashimo yale ya mteremkoni ukikosoa mistari ya majirani. Ameniambia miguu imejaa, ukiibonyeza shimo linabaki. Ameniambia unalala umeketi kwa sababu ukijilaza pumzi inakukata. Bodaboda huitaki kwa kuwa inakutikisa kifua, na kutembea mpaka barabarani unasimama mara tatu ukijifanya unaangalia migomba ya watu.

Na ameniambia ulikwenda zahanati. Hapo nilicheka na kulia kwa pamoja. Nesi akakuamkia, akakuuliza habari, ukasema nzuri. Akauliza za nyumbani, nzuri. Za kahawa, nzuri. Akamwita mgonjwa mwingine ndani, nawe ukaona si adabu kuvunja shughuli, ukarudi nyumbani na vidonge vya kichwa. Baba yangu, ulitembea kwa shida yote ile kwenda kumsalimia nesi.

Naogopa. Nalisema wazi kwa kuwa nimechoka kusema mazuri kwenye simu. Miguu kujaa na pumzi kukatika si uzee. Nimemuuliza daktari mmoja Mtanzania anayesoma huku, akasema huenda ni moyo, na kwamba dawa zipo, lakini mtu apimwe mapema asingoje mavuno. Kahawa itavunwa hata usipokuwepo siku moja. Wewe ukikosekana hakuna atakayevuna kitu.

Kuna jambo jingine mlijue. Mkataba wangu unaisha, na bosi ameniwekea mezani karatasi ya miaka miwili mingine. Anataka jibu kabla mwezi haujakwisha. Sijatia saini. Nikisaini sitaweza kuja mpaka miaka hiyo ipite, na siwezi kukaa huku miaka miwili nikiambiwa nzuri tu. Nitasaini au nitarudi kwa kufuata atakachosema daktari. Utakachosema wewe, Baba, kwa heshima yote, sikitumii.

Sasa nieleze barua hii imefikaje. Waya wa Baba Neema ameuchukua bwana mmoja wa Songea aliyekuja huku kununua mashine za kushonea, na barua nimeiweka ndani ya boksi la waya, Baba Neema awaletee. Baba Neema aliniuliza anishukuru vipi. Nikamwambia sitaki zawadi wala asante, nataka safari ya kwanza ya gari hilo, kabla halijapakia abiria yeyote, iwe ya kutoka Mpepai kwenda hospitali ya Mbinga. Akasema, "Nitamfuata mwenyewe, na nitamsubiri." Hakutaka nimwombe mara mbili.

Kwa hiyo nadhani hivi sasa yupo hapo kwenu. Labda hamkumsikia akiingia, maana gari lake halina ngurumo. Nimemwomba anywe togwa ya Mama na asizungumze neno la hospitali mpaka Hilda amalize kusoma. Nimemwomba pia aligeuze gari kabisa, lielekee barabarani. Halitikisiki kama bodaboda, Baba. Na usijali watu watakaotoka kuangalia, watakuwa wanaliangalia gari.

Mama, wewe utaingia naye kwa daktari, na wewe ndiye utakayesema. Yeye asalimie, nawe ueleze. Anza na miguu, kisha pumzi, kisha namna anavyolala. Hilda atanipigia kutoka hapo hapo, na nitakuwa nimeshika simu hata bosi akinitazama vipi.

Nisalimieni Baba Mdogo Bosko fundi seremala, mwambieni nimesikia alichofanya shambani na sitakisahau. Shangazi Theodora wa kwaya, nimesikia sauti ya kwanza imemshinda, asione haya kushuka ya pili. Bibi wa Mbaha mwambieni usipa aliompa Mama aniletee umenitia kwenye kesi, na kwamba aongeze mwingine. Wanafunzi anaowafundisha Hilda, wanaoniombea, nawaombea nao wafaulu hesabu.

Hilda, mpe Baba mkono ainuke.

Baba, nakupenda. Sijawahi kukuandikia neno hili na sijui kama wewe uliwahi kumwandikia Babu, lakini limeshaandikwa na waya umeshasafiri nalo. Viatu vyako vya kanisani najua haviingii tena, ndiyo maana wiki hizi hujaenda misa. Vaa kandambili. Mbele za daktari hakuna aibu ya kandambili. Mama, chukua kitenge cha kumfunika magoti.

Nendeni.

Ni mimi binti yenu,
Winfrida