Nyasi Nyekundu

Mwenzangu, sikia yaliyonipata. Umeme ulikuwa umekatika, nikasikia komeo la mlango wa jikoni likigongagonga gizani. Nikadhani upepo. Kumbe shemeji, mdogo wake mume wangu! Teke moja, mlango chini, akaingia na tochi na rungu!

Unaikumbuka ile picha ya setilaiti ya malisho, niliyofundishwa kuisoma darasa la jioni? Nilimtumia ajue pa kuhamishia ng'ombe. Sasa kwenye picha ile rangi si za kweli, nyasi bora hutokea NYEKUNDU. Nyekundu, jamani! Na sikumwambia. Nimeizoea mno, nikaona kila mtu anajua.

Yeye kuona nyekundu akajua ni hatari. Akawaswaga hadi penye weupe, mwendo mrefu, kufika ni udongo mtupu. Nguvu za kurudi hawana. Nusu ya kundi wamekufa. Nusu!

"Msomi wewe! Umeniulia ng'ombe kwa picha!"

Rungu likatua kwenye kompyuta yangu, vipande vikaruka hadi dirishani. Pigo la pili likanipata juu ya jicho. Mimi! Shemeji ninayempakulia chakula kila siku!

Nikapiga kelele, "Waliobaki wapeleke penye wekundu, shemeji! Nyekundu ndiyo nyasi, bado utawaokoa!"

"Ng'ombe wangu wanaoza, nawe unanitania?" Akainua rungu tena. Nikafumba macho, mwenzangu, nikajua nimekwisha.

Binti yangu akatambaa kutoka chini ya meza, akamshika suruali, akamwambia, "Baba mdogo, mama anatoka damu."