Dumu la Mkojo

Jumatatu, 3 Machi
Masaa manne kwenye mashine ya kusafisha damu. Wiki ya tisa sasa tangu nijifungue, presha ikapanda, figo zikagoma. Mrija wa shingoni unawasha. Maziwa yamejaa, blauzi imeloa, mtoto yuko nyumbani na mama mkwe.
Daktari kauliza nakojoa kiasi gani. Nikasema mwanangu ananishinda! Hakucheka. Kanipa dumu: nikusanye mkojo wa siku nzima, asubuhi hadi asubuhi, nisiache tone. Ukizidi lita na damu ikiwa nzuri, tutajaribu kuiacha mashine.
Kuiacha!

Jumanne, 4 Machi
Dumu liko bafuni, nyuma ya ndoo. Linajaa. Nachungulia kama mwizi.

Jumatano, 5 Machi
Nilikuwa nanyonyesha. Mama mkwe kapiga deki bafuni. Dumu linang'aa — tupu!
"Nimekuoshea mwanangu, lilikuwa linanuka."
Nikakaa chini palepale. Kisha nikamwambia, polepole lakini bila kuzunguka: mama, ule mkojo ndio mtihani wangu. Dumu hili ni langu peke yangu.
Akashika mdomo. "Jamani! Nimemwaga figo za mkwe wangu!"
Tukacheka mpaka machozi. Yangu mengine hayakuwa ya kicheko.

Alhamisi, 6 Machi
Mashine tena. Sista kaniambia nianze upya kesho, huku amejishika mbavu.
Jirani yangu wa kitanda cha pili, dereva mstaafu, hakucheka sana. Miaka ishirini ya presha, dawa alikuwa anameza siku akiumwa kichwa tu. "Figo zako zimezirai tu, mama kichanga. Zangu nilishazizika. Ukiona mlango uko wazi, toka. Usisimame kuniaga."
Nikamfunika miguu. Nilipofika nyumbani nikameza kidonge changu kabla ya kuvua viatu.

Jumamosi, 8 Machi
LITA MOJA NA ROBO TATU!
Tangu jana mama mkwe amelinda bafu kama askari wa benki. Mume wangu akienda kuoga anaulizwa: unakwenda kugusa nini humo? Leo asubuhi tumepima mara mbili. Akapiga kigelegele, mtoto akaamka analia. Mkojo kupigiwa vigelegele! Nami nikapiga changu. Kisha mbio maabara, dumu nimelikumbatia kama mtoto wa pili.

Jumatatu, 10 Machi
Benchi, nje ya chumba cha mashine. Damu wameshatoa. Mzani haujapanda hata robo kilo tangu Alhamisi — na viatu vya kabla ya mimba vimeingia! Presha 128 kwa 82.
Kitanda changu hakijatandikwa. Nimeuliza. Sista: "Unakimbilia shuka za nini, dada? Daktari akuone kwanza." Kageuka upesi, lakini nimeliona tabasamu.
Dereva ananipungia kwa mkono usio na sindano.
Mlango umefunguka. Daktari ana karatasi mkononi, ananiita.
Asubiri kidogo — nimebanwa tena!