Jina la Kemuma

S.L.P. 41,
Nyaramba, Nyamira.
16 Juni 2024

Mpendwa kaka Lewis,

Hujambo huko kwenye baridi? Linda na watoto wanaendeleaje? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa huku ukijidai daktari? Sisi tu wazima. Mvua imenyesha mpaka majani ya chai yanatushinda kuchuma.

Mtoto ana miezi mitano sasa, ananyonya kama anashindana na mtu. Daktari wa Kisii alimpiga picha tena. Moyo uko kulia, ini liko kushoto, kila kitu ndani kimegeuka, lakini moyo hauna tundu na unapiga sawasawa. Alisema nimlee kama watoto wengine. Ndivyo ninavyomlea, wapende wasipende.

Nikueleze vita vyangu. Unajua kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, na huyu alistahili la Kemuma, nyanya yake mume wangu Job. Mama mkwe akakataa katakata. Eti jina la nyanya halitapewa mtoto aliyepinduliwa ndani, na ubaya huo nimeutoa kwetu Keroka. Miezi mitano, Lewis! Mwanangu anaitwa "huyo".

Basi nikamsomea mume wangu barua yako yote ya panya wa maabara yenu. Jinsi panya baba na panya mama wanavyokuwa wazima kabisa, halafu baadhi ya watoto wao wanazaliwa moyo uko kulia, nanyi mnafuatilia vinasaba vyao kizazi hadi kizazi mtafute kosa liko wapi. Job akauliza, "Kwa hivyo hata panya baba anachangia?" Nikamjibu, "Ndiyo, bwana, hata panya baba." Aliikoroga chai yake mpaka ikapoa.

Najua ulisema ya kwetu hayawezi kujulikana kabla ya damu kupimwa. Sawa. Lakini kama hakuna ajuaye, mbona nihukumiwe mimi peke yangu?

Sabato ya juzi tarehe nane tulimpeleka kanisani kuwekwa wakfu. Mama mkwe alikuwa amempa mchungaji karatasi yenye jina moja tu, Persis. Mchungaji alipolisoma, nikasema kwa sauti, "Persis Kemuma." Kanisa zima likageuka kunitazama! Nilimng'ang'ania mtoto, kaka, usidhani mimi ni chuma. Mama mkwe akasimama, akasema jina hilo lina wenyewe. Ndipo Job, mpole yule asiyeweza kufukuza hata kuku, akasema, "Mwenyewe ni mimi. Aitwe Kemuma." Mchungaji akaomba.

Waambie wenzako damu tutatoa sote watatu, Job pia. Mkikuta kosa limetoka upande wetu, niambie hivyo hivyo bila kunificha. Siombi msamaha kwa kumzaa mwanangu, na jina halirudishwi.

Wiki nzima mama mkwe hakukanyaga kwangu, nami sikumfuata. Leo asubuhi nikamwona mlangoni na mkungu wa ndizi. Hakunisalimu. Alitazama chini, akauliza, "Kemuma ameamka?" Nikamkabidhi mtoto amshike.

Mama anakusalimu kutoka Keroka, na mdogo wetu Maureen anauliza utakuja lini. Msalimie sana Linda. Mungu awatunze, na akutie nguvu katika kazi yako.

Ni mimi dada yako mkaidi, nikupendaye sana,
Nyanchera