Bastola Haina Mrithi

Ahero, 12 Machi 1972

Kwa Mama Waithira,

Salamu kutoka kwetu sote. Watoto ni wazima, ila Waithira mdogo ana kikohozi tangu mvua ianze. Je, miguu yako imepata nafuu baada ya shughuli za mazishi?

Mama, kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu. Tuliporudi kutoka kumzika Mureithi, niliichukua bastola yake pamoja na risasi nikazipeleka polisi Kisumu. Kesho yake shemeji Ephantus akafika hapa kwenye kituo chetu cha petroli.

“Bastola iko wapi?”

“Polisi.”

“Ile ni mali ya kaka yangu.”

Nikamwambia cheti cha kumiliki bastola kiliandikwa jina la Mureithi peke yake, na Mureithi hayupo. Aliondoka bila kunywa chai.

Mke wa mwanao,
Dorca Apiyo

Othaya, 3 Aprili 1972

Dorca,

Bwana asifiwe. Miguu inauma vilevile, asante kwa kuuliza.

Ephantus amenieleza. Kwetu vitu vya mwanamume hubaki kwa ndugu zake. Wewe umekimbilia polisi kabla udongo wa kaburi haujakauka. Nasikia pia unabeba pesa za petroli mwenyewe mpaka benki. Unafikiri mwizi atakuhurumia kwa kuwa ni mjane? Mwachie Ephantus kituo, wewe ulee watoto.

Ni mimi,
Mama Waithira

Ahero, 20 Aprili 1972

Mama,

Nakusalimu kwa heshima. Kikohozi cha mtoto kimepona. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena hasira ilipotulia.

Pesa nazipeleka mwenyewe kwa sababu mfanyakazi wetu Nicodemus alivamiwa na wezi njiani akizipeleka, wakamvunja mkono. Siwezi kumtuma mtu mwingine kwenye hatari hiyo. Na kuhusu bastola, sheria haijui kaka wala shemeji. Mtu akikutwa na silaha isiyo kwa jina lake anafungwa, na aliyempa pia anafungwa. Ulikuwa umemzika mtoto mmoja. Sikutaka umtembelee mwingine jela.

Nimeomba cheti changu mwenyewe. Afisa wa polisi huko Kisumu alicheka. “Mama, si uajiri mwanamume?”

Nikamwambia, “Huyo mwanamume naye si atahitaji cheti?”

Akaacha kucheka. Anataka sababu ya kweli, na ninayo. Anataka kasha la chuma lililofungwa ukutani, nimeliweka. Anataka mtu anayejua kulenga, najifunza. Tena awe mtu asiye mlevi, asiye na kesi, mwenye akili timamu. Hapo ndipo nimekwama, kwa sababu Ephantus amekwenda kumwambia kwamba nimerukwa na akili kwa huzuni. Sasa afisa anataka kusikia neno la mzazi wa mume wangu.

Sikuombi unisifu, Mama. Sema unachokijua tu.

Dorca

Ahero, 15 Juni 1972

Mama,

Hujambo? Sijapata jibu. Natumaini ni posta tu, si ugonjwa.

Sajini Zadock ananifundisha kulenga shabaha kila Jumamosi. Mwanzoni risasi zilipita mbali. Sasa zinagonga shabaha. Wajukuu wako wanakusalimu.

Dorca

Othaya, 9 Agosti 1972

Binti yangu,

Nimefika nyumbani salama, ingawa basi lilinitikisa mpaka mifupa. Samaki ulionifungia tumewala na majirani, wamekusifu.

Nilipokuja huko nilikuambia nimekuja kuwaona wajukuu. Ilikuwa kweli, lakini si yote. Kabla ya kuja kwako niliipita Ahero, nikashukia Kisumu, nikaenda kwa afisa wako. Barua zangu hupelekwa posta na Ephantus, basi nikaona nipeleke mdomo wangu mwenyewe.

Akaniuliza, “Huyu mjane ana akili timamu?”

Nikamjibu, “Mwanangu alipougua, huyu alimwosha, akamlisha, na kila asubuhi akafungua kituo. Sikumsikia hata siku moja akimkaripia mtoto. Unataka akili ya namna gani zaidi?”

“Na Ephantus?”

Dorca, hapo roho iliniuma. Nikamwambia, “Ephantus nimemzaa na nampenda. Lakini alishafungwa kwa kumkata mtu panga kwenye pombe. Usimpe hata manati.”

Sikukuambia kwa sababu sikujua kama atanisikiliza. Nilikaa tu pale kwako nikikutazama unavyowauzia watu petroli, nikajua sikusema uongo.

Mama yako,
Waithira

Ahero, 2 Septemba 1972

Mama yangu,

Keti kwanza, uipumzishe miguu, ndipo usome.

Alikusikiliza. Cheti kimetoka. Afisa alinisomea masharti yote nikiwa nimesimama: bastola ni ile iliyoandikwa, risasi ni zile zilizoandikwa, hakuna mwingine wa kuishika, nisiitembeze ikionekana, nyumbani ikae kwenye kasha, na kila mwaka nirudi kuomba upya. Kisha akasema hajawahi kumwandikia mwanamke, akanipa mkono.

Ephantus alifika juzi. Hakuomba radhi, lakini safari hii alikunywa chai. Nimemwambia pampu ina kazi kwa mtu asiyekunywa pombe. Amesema atafikiri.

Na leo nimekwenda benki. Niliegesha pikapu mbali kidogo, makusudi, nikashuka. Agneta, muuza samaki wa ufuo wa Dunga, alikuwa pale na wenzake, habari ya cheti walishaipata. Wakapiga vigelegele mpaka askari wa mlangoni akatoka kutazama. Bastola ilikuwa chini ya koti, hakuna aliyeiona. Walichokiona ni mimi, nikipita katikati yao na mfuko wa pesa mkononi, bila haraka.

Binti yako,
Dorca