Je, Nimrushie Baba Mkwe Bomu?

Maman Apolline mpendwa, nisaidie haraka, Jumamosi wazee wa kwa mchumba wangu Josué wanapaswa kuja kwetu kuleta mahari na sasa sijui kama watakuja, na kosa ni langu. Tangu vita vifunge barabara ya Walungu baba yake, Papa Zagabe, hafiki tena mashambani kwake, basi kila Jumapili baada ya misa tunakaa kwake tunacheza ule mchezo wa zamani wa Josué, vigari vinashindana kwenye televisheni huku mnarushiana mabomu na kumwagiana mafuta njiani, na mzee anaupenda kuliko watoto wanavyoupenda, anapiga kelele mpaka majirani wanacheka, lakini mimi nitampigaje bomu baba wa mchumba wangu? Nikawa kila mara nafunga breki karibu na mstari wa mwisho ili apite. Jumapili iliyopita nikasimama, na yeye akasimama! Akasema, "Pita, mama." Nikajibu, "Hapana papa, weye kwanza." "Pita, nimesema!" Tukabembelezana hivyo hadi vigari vinavyoendeshwa na mashine yenyewe vikatupita vyote, tukawa wa mwisho. Mzee akaweka chini manette, kile kidude cha kuchezea, akaniuliza, "Kumbe siku zote ulikuwa unaniachiliaka?" Akaingia chumbani, chai yake ikapoa mezani. Nampenda Josué, maman, na mzee pia nampenda. Nifanye nini?

Carine, Nyalukemba, Bukavu

Carine, nimecheka mpaka miwani ikaanguka, sasa ngoja nikugombeze. Heshima gani hiyo ya kumdanganya mzee kila Jumapili? Umemfanya kama mtoto anayeachiwa ushindi ili asilie. Lakini hebu jiulize, yeye alisimama kwa nini? Si alikuwa anakuachia na wewe! Nadhani kilichomfungia chumbani ni aibu, siyo hasira.

Usingoje Jumamosi. Kesho nenda kwake, msalimie kwa mikono miwili, useme, "Papa, unisamehe, nilikuwa nakuachilia." Asipojibu, usiondoke. Washa mashine, mpe manette, kisha mrushie bomu la kwanza kabla hajakaa vizuri. Akikupiga na yeye, piga kelele kama yeye.

Mwanangu, sote tunaijua milio inayotoka kule vilimani. Katika Bukavu yote hii, hilo ndilo bomu pekee ambalo mtu akipigwa anainuka, anacheka, na kukutafuta alipize. Usimnyime mzee.